Chupa ya Kaniha na jahazi letu: nani amshike mkono nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba zake wote.

Tarehe 15 Agosti 2025 wajumbe wa nchi zaidi ya 180 waliondoka mjini Geneva mikono mitupu. Walikwenda kukamilisha mkataba wa dunia wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, ukiwemo wa baharini. Safari hiyo ilianza Nairobi mwezi Machi 2022, pale mataifa yalipokubaliana kwa kauli moja kwamba mkataba wenye nguvu ya sheria ni lazima. Ulitarajiwa kuwa tayari mwisho wa 2024. Kikao cha Busan, Korea Kusini, kikashindwa. Cha Geneva nacho kikashindwa.

Huenda wengi wetu hapa visiwani tuliisikia habari hiyo redioni na ikatupita. Nayo inatuhusu zaidi kuliko inavyowahusu wengi waliokuwa ndani ya ukumbi ule. Ili tuione vizuri, naomba ndugu msomaji tusianzie ufukweni. Tuanzie mahali ambapo hapana bahari kabisa: Kaniha, katika nchi ya vilima ya Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera. Kutoka huko hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Swali letu la leo ni hili: Muislamu wa Kaniha anayetupa chupa mtaroni, je, ana lolote la kujibu kuhusu maji asiyoyaona? Na sisi tunaoishi tumezungukwa na maji, tuna lipi la kujibu?

Daraja la Rusumo

Ukanda huo unapitiwa na barabara kuu ya malori. Mizigo ya Rwanda na Burundi hutoka Dar es Salaam, ikapita Kahama, Nyakanazi na Lusahunga, kisha ikaelekea Rusumo kwa Rwanda au Kabanga kwa Burundi. Penye barabara ya malori pana vituo, na penye vituo pana maji ya chupa, soda, biskuti, vijipakiti vya sabuni na chakula cha kubeba. Plastiki hufika kila siku kwa gari. Lakini gari la kuja kuchukua taka, katika vijiji vingi vya nchi yetu, halipo. Mwenye nyumba ana njia tatu tu: achimbe shimo, awashe moto, au aache mvua ifanye kazi.

Sasa vuka daraja la Rusumo. Upande wa pili ni Rwanda, nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na mwaka 2019 ikaongeza katazo la plastiki nyingine za kutumia mara moja na kutupa. Msafiri anayeingia na mfuko wa rambo huambiwa auache mpakani. Tena Rwanda, pamoja na Peru, ndiyo iliyoandaa pendekezo lililozaa azimio la Nairobi la 2022, na pamoja na Norway imeongoza kundi la nchi zinazotaka mkataba wenye makali. Nchi isiyo na bahari hata shubiri moja imekuwa mstari wa mbele kutetea bahari. Hilo peke yake linatosha kutufikirisha sisi ambao bahari ni jikoni kwetu.

Tusiseme kwamba Tanzania haikufanya kitu. Zanzibar ilitangulia: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku huku kwetu tangu 2006. Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kanuni za Bara zinaweka faini ya kuanzia shilingi 30,000 kwa mtu anayekutwa na mfuko uliokatazwa. Mifuko mikubwa ya rambo ilitoweka masokoni kwa muda mfupi ajabu. Lakini vifungashio vyepesi vya kufungia bidhaa, ambavyo sheria ilivisamehe, vikageuzwa mifuko ya kubebea, na mwaka 2021 serikali ikalazimika kutoa agizo jipya la kulikataza hilo. Na chupa za maji hazikuguswa kabisa.

Mto hausahau

Ngara ni mahali pa mito. Ruvubu unatoka Burundi na Kagera unatoka Rwanda, nayo inakutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Kutoka hapo Kagera unapanda kaskazini ukifuata mpaka, unageuka mashariki, na unaingia Ziwa Victoria upande wa Uganda. Hakuna mto unaoliingizia ziwa hilo maji mengi kuliko huu. Biharamulo nayo ni jirani wa ziwa: kabla Chato haijatengwa kuwa wilaya, Biharamulo ilifika hadi ufukweni.

Watu wa Ngara hawahitaji kufundishwa kwamba kinachotupwa mtoni hufika ziwani. Walilishuhudia kwa uchungu mkubwa mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, maiti za waliouawa zilitupwa mitoni, zikapita Rusumo mbele ya macho ya wakimbizi waliokuwa wakivuka kuja Ngara, zikasukumwa na Kagera hadi Ziwa Victoria. Wavuvi na wanakijiji wa upande wa Uganda wakawaopoa na kuwazika kwa maelfu, Kasensero, Lambu na Ggolo. Watu wa mwambao wa ziwa wakaogopa kula samaki. Sitaji msiba huo kwa kuulinganisha na takataka. Damu ya binadamu haina kifani mbele ya Mola wake. Nautaja kwa sababu ni ushahidi ambao hakuna mzee wa nchi ile atakayeubisha: mto hupeleka. Mtu wa juu akidhani amekitupa kitu kikapotea, mtu wa chini anakipokea mlangoni.

Na ziwa likishapokea, halitoi kirahisi. Sehemu kubwa ya maji yanayoondoka Ziwa Victoria huondoka kwa kupanda angani kama mvuke. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja. Maji hugeuka mvuke, lakini plastiki haigeuki. Inabaki, inapigwa na jua na mawimbi, inakatika vipande, vipande vinakuwa chembechembe, na chembechembe zinafanana na chakula cha samaki. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliochunguza sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza. Kwa kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Ulikuwa ushahidi wa kwanza wa namna hiyo katika maziwa makuu ya Afrika.

Je, plastiki hiyo inafika Unguja na Pemba?

Hapa tuwe wakweli, kwa sababu ukweli ndio dini. Chupa inayochukuliwa na Mto Kagera haiji Unguja. Ikitoka ziwani, itatoka kwa Nile kuelekea Sudan, Misri na bahari ya Mediterania. Kwa kawaida haitafika hata huko, itaganda ziwani. Wa kwanza kuipokea ni ndugu zetu wa visiwa vya ziwa: Bumbire, Kome, Ukerewe, Ukara. Wao nao ni watu wa visiwani, samaki ndiyo mboga yao na maji ya ziwa ndiyo kinywaji chao.

Basi taka tunazoziona sisi kwenye fukwe zetu zinatoka wapi? Nyingine zinatoka Bara kwa njia ile ile ya mito, ila mito mingine: Msimbazi unaolisafisha jiji la Dar es Salaam kila mvua kubwa ikinyesha, Ruvu, Wami, Pangani, Rufiji. Kusi na kaskazi zinazigawa. Nyingine hutoka mbali zaidi, kwenye meli na nchi za ng'ambo. Lakini nyingine, tukubali, zinatoka kwetu wenyewe: mitaro ya Ng'ambo ikijaa maji ya masika, madiko ya samaki, hoteli za ufukweni, vikamba vya plastiki vinavyofungia mwani vikikatika, nyavu za nailoni zinazoachwa zikanase matumbawe na kasa. Kasa akiuona mfuko unaelea hudhani ni yavuyavu, akaumeza.

Kwa hiyo hatuna haki ya kuwanyooshea kidole watu wa bara na kunyamaza juu yetu. Kila mmoja yuko juu ya mwenziwe. Kaniha iko juu ya Bumbire. Dar es Salaam iko juu ya Unguja. Na mtaa wako, ewe msomaji wa mjini, uko juu ya dago la mvuvi na shamba la mwani la mama wa Paje.

Jahazi lenye ghorofa mbili

Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano ambao mtu wa visiwani anauelewa bila kufasiriwa. Umo katika Sahihi Bukhari, kutoka kwa Nu'man bin Bashir (R.A.). Ni mfano wa watu waliopiga kura ndani ya chombo, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapite kwa walio juu. Wakaona wanawasumbua, wakafikiri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe ili wajitekee. Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba wakiachwa wafanye walitakalo wataangamia wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote.

Mfano huu husomwa sana kwenye mawaidha, na mara nyingi tunaishia kwenye kushikana mikono. Tuutazame tena, una mambo matatu yanayoligusa suala letu.

La kwanza, wale watu walitaka kutoboa sehemu yao. Hawakuingia kwa jirani. Hoja ya anayetupa taka ni hiyo hiyo: ni uwanja wangu, ni mtaro wangu, ni kijito cha kijiji chetu. Mfano unatufundisha kwamba umiliki wa mbao hauhalalishi tundu, kwa sababu maji hayajui mipaka ya umiliki.

La pili, hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuwaondolea wenzao usumbufu. Mama wa Kaniha anayechoma mifuko nyuma ya nyumba naye hana nia mbaya. Anataka uwanja wake uwe safi. Nia njema haizibi tundu.

La tatu, na hili ndilo tunalolisahau: walikuwa na kiu. Haja yao ilikuwa ya haki. Ukimshika mtu mkono asitoboe, kisha usimpe njia ya kupata maji, umemwacha na kiu yake, na kesho atatoboa usiku. Kushika mkono na kutoa maji ni wajibu mmoja. Hapa ndipo sera zetu nyingi za plastiki zinapopwaya. Tumekataza mfuko, hatukuleta gari la taka. Tumeweka faini, hatukuweka jaa. Tunamwambia mtu asinywe maji ya chupa, na bomba la kijiji chake halitoi maji ya kuaminika. Bila hayo, faini inamwangukia mnyonge na plastiki inabaki pale pale.

Na ghorofa ya juu kabisa ni ipi? Ni ile ya Geneva. Dunia inazalisha zaidi ya tani milioni 400 za plastiki kwa mwaka, na kwa makadirio ya shirika la OECD ni kama asilimia 9 tu ya taka zake hurejelezwa. Mabishano yaliyovunja mkutano yalikuwa kuhusu jambo hilo: je, mkataba uweke kikomo cha uzalishaji, au ushughulike na taka peke yake? Plastiki hutokana na mafuta na gesi, na nchi zenye mafuta zilikataa kikomo. Inauma kusema, lakini uadilifu unatulazimu: miongoni mwa zilizokataa zimo nchi za ndugu zetu Waislamu, Saudi Arabia na Kuwait. Kuwapenda ndugu zetu hakutuzuii kuwaambia haki, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumnusuru ndugu anayedhulumu kwa kumzuia asidhulumu. Mtu wa Kaniha hawezi kuokota kwa mkono kile ambacho viwanda vinamwaga kwa meli.

Maswali ya kifiqhi

Familia nyingi hujiuliza maswali kuhusu jambo hili. Haya hapa kwa ufupi. Mwenye tatizo lake mahsusi amuulize mwanachuoni wa mahali pake.

Je, kutupa taka mtoni au baharini ni dhambi au ni tabia mbaya tu? Katika Suratu Ar-Rum, aya ya 41, Allah (S.W.) ametaja kudhihiri kwa uharibifu barani na baharini, na akautaja kuwa ni chumo la mikono ya watu. Imepokewa katika Abu Dawud kwamba Mtume (S.A.W.) alitahadharisha kujisaidia haja mahali pa kuteka maji, njiani na kivulini, na akavitaja kuwa vitendo vinavyoleta laana. Sababu iko wazi: ni kuwaudhi watu katika vitu wanavyovihitaji wote. Taka inayodhuru maji ya kunywa au riziki ya wavuvi inaingia katika maana hiyo, na inaingia pia katika kanuni iliyopokewa na Ibn Majah kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Hatuwi wa kwanza kulisema hili. Indonesia, nchi ya visiwa kama sisi, baraza lake la maulamaa lilitoa fatwa mwaka 2014 kwamba kutupa taka ovyo ni haramu. Na Februari 2024, katika mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa mjini Nairobi, ulizinduliwa waraka wa Al-Mizan, ulioandaliwa na wanavyuoni na wataalamu wa Kiislamu kubainisha dhamana yetu juu ya ardhi na viumbe.

Je, kuchoma si bora kuliko kutupa? Moja ya kanuni za fiqhi ni kwamba madhara hayaondoshwi kwa madhara mfano wake. Moshi wa plastiki una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wa mwenye kuchoma na majirani zake. Palipo na jaa au mnunuzi wa chupa, kuchoma hakuna udhuru. Pasipo na chochote, mtu hakalifishwi zaidi ya uwezo wake: atenganishe, azike mbali na kisima na mkondo wa maji, na lawama kubwa ni ya mwenye mamlaka aliyeacha wajibu wake.

Je, samaki aliyekula plastiki ni halali? Asili ya samaki ni halali kwa Qur'ani na Sunna, na plastiki si najisi. Usiharamishe alichohalalisha Allah kwa khofu. Utafiti wa Mwanza ulizikuta chembe hizo tumboni na kwenye utumbo, sehemu ambazo kwa samaki mkubwa mama zetu huzitoa tangu zamani. Suala hapa ni afya. Kama madhara yakithibitika kwa kiwango fulani, hukumu itafuata madhara. Lakini linalotakiwa sasa ni kulisafisha ziwa na bahari, wala si kumkimbia samaki.

Je, kuvunja sheria ya mifuko ni kosa la serikali tu? Kumtii mwenye mamlaka katika jambo la kheri ni amri iliyomo katika Suratu An-Nisaa, aya ya 59. Kuondoa madhara kwa watu ni kheri. Mfanyabiashara anayeingiza mifuko hiyo kwa magendo anakula faida inayolipiwa na mvuvi.

Somo la Misali

Wapo watakaosema kwamba mawaidha hayawezi kitu mbele ya jambo kubwa kama hili. Jibu tunalo wenyewe, Pemba. Kisiwa cha Misali kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998. Wazee wa Pemba husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo, akawauliza wavuvi kama wana msala, hawakuwa nao, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Kwa sura yake kimeelekea kibla. Simulizi ni simulizi, lakini inaonyesha jinsi wavuvi wanavyokiheshimu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 uvuvi wa baruti na nyavu haribifu ulikuwa tatizo humo. Zilijaribiwa doria na faini. Kisha shirika la CARE likashirikiana na taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Fazlun Khalid kutoka Uingereza, wakakaa na maimamu, walimu wa madrasa na wavuvi, wakalizungumza jambo hilo kwa lugha ya Qur'ani: amana, mizani, ukhalifa, israfu. Wavuvi waliokuwa wakikwepa boti ya doria waliona vigumu kumkwepa Mola wao. Mradi huo ukatajwa duniani kote kuwa mfano.

Lakini tusome somo lote. Misali haikutegemea mawaidha peke yake. Ilikuwa na jumuiya ya wavuvi wenyewe, mipaka iliyojulikana ya eneo la kuvua na lisilovuliwa, na wavuvi waliruhusiwa kuendelea kutafuta riziki. Yaani mkono ulishikwa na maji yakatolewa.

Tufanye nini majumbani na misikitini

Mwaka 2019 jahazi lililoundwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa tani 10 za plastiki, likavishwa kandambili kiasi cha 30,000 zilizookotwa fukweni, lilisafiri kwa tanga hadi Zanzibar. Mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Victoria kupita bandari za ziwa kwa ujumbe ule ule. Flipflopi, kama lilivyoitwa, lilituonyesha kwamba taka za bahari na za ziwa ni za aina moja na zinatoka kwa watu wa aina moja: sisi. Lakini hatuwezi kuunda jahazi kwa kila chupa. Bora chupa ipungue kabla haijatupwa, na kupungua kunaanza nyumbani.

Tuangalie Ramadhani. Futari ya pamoja msikitini ni kheri kubwa, lakini mara nyingi baada ya Maghribi uwanja hujaa chupa ndogo za maji na vikombe vya kutupa. Anayetaka thawabu ya kufuturisha aweke waqfu wa madumu ya maji safi na vikombe vya bati. Thawabu itaendelea mwaka mzima na hapatakuwa na taka. Katika Idd Kubwa tunagawa nyama ya udh-hiya kwenye mifuko. Babu zetu visiwani waligawa kwa pakacha na vikapu vya ukili. Watu wa Kagera wana majani ya mgomba yasiyokwisha. Kurudi huko si ushamba. Ni Sunna ya kutokufanya israfu, na ni riziki kwa mama anayesuka.

Kamati za misikiti na madrasa zinaweza kuchagua Jumamosi moja kwa mwezi kusafisha mtaro au ufukwe wa mtaa wao, na watoto wafundishwe kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Chupa zikusanywe mahali pamoja ziuzwe kwa wanunuzi wa plastiki, fedha ziende kwenye mahitaji ya madrasa. Wavuvi warudi na nyavu zao mbovu nchi kavu. Wenye mwani watumie kamba za kudumu wanapoweza, na vikamba vilivyokatika viokotwe maji yakitoka.

Kisha twende zaidi ya ufagio. Maimamu wa Biharamulo na Ngara, pamoja na wenzao wa dini nyingine, waiulize halmashauri: gari la taka litapita lini katika vijiji vya barabara kuu, na jaa litakuwa wapi ili lisiwe juu ya kisima cha watu? Sisi wa Unguja na Pemba tuyaulize mabaraza yetu maswali hayo hayo. Na wanavyuoni wetu wenye mawasiliano na Ghuba, ambako tuna ndugu wa damu wengi, wafikishe neno la haki kwa upole: mkataba utakaporudi mezani, nchi za Waislamu zisiwe upande wa tundu.

Mtoto wa Kaniha anayeokota chupa kabla mvua haijaipeleka mtoni huenda asilione Ziwa Victoria maishani mwake, wala asijue jina la Bumbire. Hatapigiwa makofi na yeyote wa huko. Lakini amezuia tundu katika jahazi ambalo hajaliona mwisho wake, na Allah anamuona. Nasi tulio ghorofa nyingine ya jahazi hilo hilo, tusimwache afanye kazi hiyo peke yake na mikono mitupu.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulichokiharibu kwa mikono yetu, turuzuku kutoka baharini riziki halali na safi, na utujaalie tuwe wenye kutengeneza katika ardhi na wala si wenye kuharibu. Amin.

Wallahu a'lam.